Jina la Kidonda

Oda iliingia saa nne usiku, Jumanne moja ya Oktoba 2023. Kurasa tano, dola sita kwa ukurasa, itumwe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye oda ni mwanafunzi wa uuguzi huko Marekani, na swali la mwalimu wake lilikuwa rahisi: chagua neno moja la kitabibu lenye asili ya Kilatini, ueleze lilikotoka na jinsi maana yake ilivyobadilika. Klayenti alikuwa ameshachagua mwenyewe. Neno lake lilikuwa cancer.

Labda hujui kazi hii. Watoto wa watu ng'ambo wanalipa karo, halafu sisi huku tunawaandikia insha. Mimi niliyeachia chuo mwaka wa pili nimeshasaidia kupatikana kwa digrii kadhaa, za uuguzi, za biashara, hata moja ya theolojia, na hakuna hata moja yenye jina langu. Mama huwaambia majirani kwamba nafanya kazi ya kompyuta. Sijawahi kumsahihisha.

Ningeikataa ile oda. Niliitazama kwa dakika kumi hivi, laptopu magotini, nje mbwa wa Ruring'u wakibweka kama kawaida yao. Lakini kodi ilikuwa imechelewa siku kumi na moja, na keapteka wa ploti yetu haombi mara tatu. Nikabonyeza kukubali.

Nikaanza pale ambapo kila mtu huanzia. Cancer ni Kilatini, na maana yake ni kaa. Yule mnyama mwenye magando mawili, anayetembea kwa ubavu kama mtu anayepita katikati ya viti vya matatu. Warumi nao waliiga kutoka kwa Wagiriki. Maandishi yanayobeba jina la Hippocrates, yule wa kiapo cha madaktari, yanatumia neno karkinos, kaa, kwa uvimbe na kwa vidonda visivyopona. Galen, daktari wa karne ya 2 aliyetoka Pergamon akafanya kazi Roma, alitoa sababu: ukitazama uvimbe wa titi utaona mishipa iliyojaa ikitambaa kila upande, kama miguu inavyotoka kwenye mwili wa kaa. Karne ya 7, Paul wa Aegina akaandika sababu nyingine aliyokuwa ameisikia kwa watu, kwamba ugonjwa huu ukishashika mahali hauachilii.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonikaa. Ya mishipa ni ya mtu anayetazama. Ya kushika ni ya mtu aliyewahi kumuuguza mwingine.

Hadi hapo ilikuwa kazi tu. Kurasa mbili zilikuwa zimeisha, saa sita ilikuwa haijafika. Halafu nikajiuliza, na si klayenti aliyeniuliza, je, sisi tulilitoa wapi neno saratani?

Nilikuwa nimedhani ni neno la Nipashe tu, la habari za saa moja na la Taifa Leo, Kiswahili cha tai. Kumbe ni Kiarabu, na kwa Kiarabu maana yake ni kaa. Karne ya 9, Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walikaa chini wakatafsiri vitabu vya Galen. Walipofika kwenye karkinos hawakubeba sauti ya Kigiriki. Walimbeba mnyama mwenyewe, wakamwita kwa jina lake la kwao. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alilitumia jina hilo kwenye kitabu chake kikubwa cha utabibu. Kiarabu kikalileta pwani yetu pamoja na maneno mengine ya elimu, ya magonjwa na ya nyota. Watu wa falaki hata leo wanahesabu Asadi, Mizani, Akrabu, na ndani ya orodha hiyo yumo Saratani, nyota ya kaa, inayoshika kuanzia mwisho wa Juni hadi wiki ya tatu ya Julai. Wajerumani wanasema Krebs, kaa. Warusi wanasema rak, wa jamii hiyo hiyo.

Kwa hivyo mtangazaji akisema saratani na jirani yako akisema kansa, wote wawili wanasema kaa, na hakuna kati yao anayejua. Sisi watu wa mlimani ndio wa mwisho kwenye foleni. Bahari tunaiona kwenye kalenda, lakini neno limetufikia kwa njia mbili, moja kupitia Roma na London, nyingine kupitia Baghdad na Mombasa.

Kaa tunamjua, usidhani hatumjui. Nyumbani Tetu kuna kijito kinachoteremka kwenda Chania, na tukiwa watoto tulikuwa tunageuza mawe kuwatafuta, wadogo, rangi ya matope. Baba alitufundisha kuwashika kwa nyuma. Alikuwa fundi wa mawe, mikono yake ilikuwa migumu kiasi kwamba akibanwa na gando alicheka. Ukimvuta kaa anakaza, alisema. Mwachie, atachoka mwenyewe.

*

Baba alianza kukwamwa na chakula mwanzoni mwa 2021. Kwanza nyama, halafu githeri, halafu hata viazi vilivyopondwa. Alisema ni mahindi ya siku hizi, hayaivi vizuri. Akawa anasukuma kila tonge kwa chai.

Hapa lazima niseme kuhusu chai. Baba alikunywa chai inayochemka, na sikuzi chumvi. Aliitoa kwenye jiko, akaimimina, akainywa kabla hata mvuke haujajua pa kwenda. Ilikuwa fahari yake. Wageni walipopuliza vikombe vyao aliwatazama kama watoto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Umoja wa Mataifa lililo Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, kuanzia juu ya nyuzi 65, huenda vinachangia saratani ya umio. Huenda. Sitasema chai ndiyo iliyomuua baba, hakuna daktari aliyeniambia hivyo, na Wakenya wangapi wanakunywa chai ya moto hadi uzeeni. Lakini siku hizi nikimimina chai naiacha mpaka inapata ngozi juu.

Ilipofika Agosti, uji nao ukaanza kurudi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilikuwa nasoma baiolojia chuoni Nairobi, mwaka wa pili, na kijijini hiyo inatosha kukufanya daktari wa familia. Kwa hivyo ni mimi niliyempeleka mjini Nyeri, ni mimi niliyeketi naye nje wakati wa kusubiri ile kamera wanayoingiza kooni, na ni mimi niliyerudi naye baada ya wiki mbili kuchukua matokeo.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mtu wa Magharibi aliyekuwa bado mgeni mlimani. Kikuyu hakikuwa chake. Alimsalimia baba kwa Kiswahili, shikamoo mzee, halafu akafungua karatasi na kuniuliza mimi nafanya nini. Nikasema nasoma baiolojia. Basi, hapo ndipo mambo yalipogeukia Kiingereza. Nadhani alifurahi kupata mtu wa kuongea naye kwa maneno aliyoyazoea. Alisema kuna lesion kwenye umio. Alisema imeshasambaa kidogo. Alisema maneno matatu yaliyokuwa yameandikwa kwenye karatasi kwa herufi nzito, squamous cell carcinoma. Neno cancer hakulitaja hata mara moja, na kansa wala saratani hakuzitaja pia. Hakuwa anaficha. Kwake carcinoma lilikuwa limeshasema yote.

Baba alikuwa anatazama mdomo wa daktari, halafu wangu.

"Oiga atĩa, maitũ?" akaniuliza. Amesema nini, mama.

Alikuwa ananiita maitũ kwa sababu nimepewa jina la mama yake, ndivyo ilivyo kwetu kwa binti wa kwanza. Mzee wa miaka sitini na mbili ananiita mama na kuniuliza daktari amesema nini.

Nikasema, "Oiga nĩ kĩronda." Amesema ni kidonda. Kidonda cha koo.

Baba akatikisa kichwa, polepole. Daktari, ambaye hakuelewa nilichosema, naye akatikisa kichwa kwa huruma, kuthibitisha.

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kama daktari angesema kansa, baba angesikia. Kansa analijua, kila mtu analijua, limechukua watu watatu kwenye barabara yetu moja. Ni lile neno refu la kisayansi lililonipa nafasi. Lilikuja limefunikwa, na mimi sikulifunua.

*

Usiku ule wa oda nilitafuta kila neno lililokuwa kwenye ile karatasi. Klayenti hakuhitaji, alihitaji neno moja. Nilikuwa natafuta kwa ajili yangu.

Squama ni Kilatini, gamba la samaki, kwa sababu chembe zinazotanda kwenye umio ni bapa na zimelaliana kama magamba. Cella ni chumba kidogo. Robert Hooke ndiye aliyelitumia mwaka 1665 alipoangalia kipande cha gome kwenye hadubini na kuona vijumba vijumba. Na carcinoma ni karkinos yule yule, na mkia wa Kigiriki. Gamba la samaki, kijumba, kaa. Baba ambaye kama wazee wengi wa kwetu hakuwahi kutia samaki mdomoni alikuwa na bahari nzima kooni.

Nilicheka peke yangu, saa saba usiku. Halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu nilifika kwa Celsus. Huyu alikuwa Mrumi wa karne ya 1, mwandishi zaidi ya daktari, aliyekusanya elimu ya utabibu kwa Kilatini. Kwa Celsus, uvimbe mbaya mara nyingi ni carcinoma, neno la Kigiriki alilolikopa lilivyo. Neno cancer lenyewe alilitumia kwa kitu kingine: vidonda vinavyooza na kuenea. Na Kiingereza nacho, kabla hakijatenga cancer kuwa la ugonjwa huu mmoja, kilikuwa na canker kutokana na Kilatini hicho hicho, na canker ni kidonda, cha mdomo au cha mti. Wafaransa wakatoa chancre, kidonda cha kaswende. Hata lile neno la kwanza la daktari, lesion, linatoka kwenye Kilatini laesio, jeraha.

Kidonda, kwa miaka mia na mia. Kĩronda.

Yaani nilichomwambia baba kwenye kile chumba hakikuwa uongo, ukienda nyuma vya kutosha. Ningeweza kumtetea yule msichana mbele ya jopo la maprofesa, ningeleta Celsus, ningeleta Hippocrates na vidonda vyake visivyopona. Nilikaa na hilo kwa muda mrefu nikingoja linifariji. Halikunifariji. Baba hakuuliza Kilatini. Aliuliza kama anakufa, na mimi nilijua ndivyo alivyouliza.

*

Karo ya muhula wangu wa pili ikawa pesa ya kumwekea mpira wa kufungua umio, ili angalau uji upite. Hakuna aliyenilazimisha. Niliandika barua ya kuahirisha masomo, mwaka mmoja tu, na kwa kweli niliamini ni mmoja. Tulifungua kikundi cha WhatsApp, tukaweka nambari ya M-Pesa, na kwenye maelezo nikaandika kwamba mzee wetu anasumbuliwa na koo. Watu walichanga. Naamini kila mmoja aliyetuma mia mbili yake alijua koo maana yake nini.

Ndivyo tunavyosema kwetu. Ule ugonjwa. Sikiliza matangazo ya vifo kwenye redio za Kikuyu jioni, au soma vijitabu vinavyogawiwa kwenye mazishi kutoka Othaya hadi Kerugoya: ameondoka baada ya kuugua kwa muda mrefu, ameubeba kwa ujasiri. Makadirio ya shirika lile lile la utafiti yalisema Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 42,000 mwaka 2020, na vifo zaidi ya 27,000. Ukitafuta watu hao kwa jina la ugonjwa wao kwenye vile vijitabu, utawapata wachache. Baba tulimzika Julai 2022, asubuhi ya ukungu, ule ukungu wetu wa mwezi wa saba usiotaka kuinuka. Kijitabu chake niliandika mimi, si ndiye mwandishi wa familia. Baada ya kuugua kwa muda mrefu. Sikusita hata kidogo kuandika.

Kati ya ile Agosti na Julai iliyofuata, baba alizungumzia ugonjwa wake nami mara moja tu. Tulikuwa jikoni, jikoni ya nje, ya kuni na makaa. Alikuwa amekonda sana, anapenda kukaa karibu na moto. Ndugu zangu walikuwa wanatafuta ishara kwamba anapata nafuu, na mimi nilikuwa nikisema ameongezeka kilo. Akachukua koleo, akageuza kaa moja lililokuwa limefunikwa na jivu, likawaka upya.

"Kĩronda gĩkĩ," akasema. Hiki kidonda. "Hakiponi haraka."

Nikamwambia vidonda vya ndani huchukua muda.

"Ĩĩ," akasema. Ndiyo. Halafu, "Ikara hapo, maitũ, upate joto."

Ikara, kaa chini. Na lile alilokuwa amelishika kwa koleo, likiwa moja, kwa Kikuyu nalo ni ikara. Yakiwa mengi ni makara, na Kiswahili kinasema makaa. Sauti hupanda na kushuka tofauti, mzee angekucheka ukisema ni neno moja, lakini kwa herufi ni yale yale. Kiswahili kimefanya hivyo hivyo na kikaongeza: kaa la moto, kaa yule wa mtoni, na kaa hapa nami. Kiswahili kina tabia ya kudondosha l katikati ya irabu mbili, Wazulu hawakuidondosha, wanamwita kaa inkala mpaka leo. Maneno matatu ya Kibantu, yenye asili tatu, yakamomonyoka mpaka yakafanana. Hakuna siri yoyote hapo, ni bahati ya sauti tu, na mwalimu wa isimu angenipa alama sifuri kwa kuyachanganya.

Lakini mimi sikuwa nasoma isimu. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda karibu na baba, na yote matatu yalikuwemo ndani ya jiko hilo.

*

Insha nilimaliza saa kumi na nusu. Ilikuwa nzuri, hilo nalisema bila haya. Ndani yake nilikuwa nimeweka aya moja kuhusu Baghdad na saratani, na nyingine fupi, labda sentensi sita, kuhusu lugha moja ya Kenya ya kati ambamo mtafsiri wa familia anaweza kuchagua neno la kidonda. Nilijiambia ni mfano. Kila insha inahitaji mfano.

Klayenti alirudisha baada ya saa tatu na maombi ya marekebisho. Aliipenda sehemu ya Galen. Aliomba nitoe ile aya ya Kenya kwa sababu, alisema kwa adabu, mwalimu atashangaa ameitoa wapi, yeye hajawahi kufika Afrika. Alikuwa na haki. Nikaitoa, nikajaza nafasi na tumor, kutoka tumere, kuvimba, na onkos ya Kigiriki, mzigo, ambako madaktari wamepata jina la taaluma yao ya saratani. Huyu wa mzigo hata nilimpenda. Ukimwona mama wa Karatina akishuka lori na gunia la viazi mgongoni utaelewa mara moja, bila kamusi.

Alilipa. Kodi nikalipa. Baadaye akaniandikia kwamba amepata A.

Desemba nilienda nyumbani. Mama alikuwa anatafuta karatasi za shamba, na kwenye sanduku la vifaa vya baba, chini ya patasi na bilauri ya kupimia usawa ambayo tone la hewa lilikuwa limekauka, tukapata daftari lake la kazi. Lile la mistari, kava ya bluu. Baba alisoma hadi darasa la saba. Alikuwa na mwandiko mkubwa, wa penseli bapa ya fundi. Kurasa zote ni vipimo. Mawe tisa kwa tisa, futi mia mbili na arobaini. Saruji mifuko sita. Mdaiwa fulani, elfu moja mia tano, amelipa mia nane.

Karibu na katikati kuna ukurasa wenye neno moja tu. Amelinakili herufi moja moja, kwa herufi kubwa, na ile N ameigeuza kama watoto wanavyoigeuza, halafu ameifuta na kuirekebisha. CARCINOMA. Chini yake hakuna kitu. Lazima aliitoa kwenye ile karatasi ya hospitali, niliyokuwa nimeiweka kwenye bahasha juu ya kabati nikidhani haifikiwi. Na mtu hanakili neno namna hiyo ili aliangalie. Analinakili ili aende nalo kwa mtu.

Nilimwonyesha mama. Alivaa miwani, akaangalia, akasema hajui ni kitu gani, labda ni aina ya saruji. Nikamuuliza kama baba aliwahi kumwambia lolote kuhusu koo lake. Akasema baba alimwambia ni kidonda. Alimwambia hivyo siku ile ile tuliyorudi kutoka mjini, na tena baadaye, mwezi wa kumi hivi, akamsisitizia: mtoto amesema ni kidonda, kwa hivyo ni kidonda, usimuulize uliza.

Mama akalichukua daftari. Bado lina kurasa nyingi safi, akasema, na kitabu cha maziwa kimeisha. Sasa analitumia kuandika lita anazopeleka kila asubuhi, ameligeuza kichwa chini na kuanza kutoka nyuma. Nilipompigia simu wiki jana alikuwa amefika Machi. Anaandika tarehe, lita, na jina la kijana wa pikipiki aliyebeba. Kwa hesabu yangu zimebaki kurasa kumi na moja kabla hajafika pale.